Mgeni Hapewi Maji ya Juu

Kazi yangu ni kuchunguza uso wa maji. Si maji yenyewe, uso wake tu, lile tabaka la juu kabisa ambalo unene wake ni molekuli moja au mbili. Kilichoko chini ya hapo hakinihusu, kiwe lita moja au ziwa zima. Nimelisomea jambo hili miaka mingi katika nchi ya baridi, kwenye chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, na nimepewa cheti cha udaktari kwa ajili yake. Nilizaliwa Newala, mahali ambapo mtu akipata ndoo mbili kwa siku anashukuru. Katika watu wote waliotoka pale kwenda kusoma, mimi ndiye niliyeona inafaa kushughulikia ile sehemu ya maji isiyojaza hata kijiko.

Nieleze kidogo, nisije nikadhaniwa najikweza. Leza yetu hutoa mwanga kwa vipigo vifupi mno. Chukua sekunde moja, igawe mara milioni. Chukua kipande kimoja, kigawe tena mara milioni. Kinachobaki kigawe mara elfu. Vipande kama hamsini vya namna hiyo ndio urefu wa kipigo kimoja. Tunapiga maji kwa miale miwili, mmoja unaoonekana kwa macho na mwingine usioonekana, na pale inapokutana huzaliwa mwale wa tatu wenye rangi yake. Uzuri wa mwale huo wa tatu ni kwamba hautoki ndani ya maji hata kidogo, unatoka usoni tu. Kwa huo tunajua molekuli za juu zimekaaje, zinatikisikaje, na kama kuna kitu kimezifunika. Na karibu kila siku kuna kitu kimezifunika. Kidole kikigusa chombo, mafuta ya ngozi yanapanda juu ya maji na kutanda, na kazi ya wiki nzima inakuwa imekwisha. Kwa hiyo, ukiondoa majina makubwa, mimi ni mwosha chupa.

Wazo la kuchukua maji ya kwetu lilinijia nikiwa nimekasirika. Wenzangu walikuwa wakibishana kama maji yaliyosafishwa mara tano yanaweza kuitwa safi, nami nikakumbuka kisima cha nyumbani. Kwetu kisima si cha chemchemi. Ni shimo lililosakafiwa kwa saruji kando ya nyumba. Mvua inanyesha juu ya bati, inapita kwenye gata, inaingia shimoni, na mfuniko unatiwa kufuli. Hayo ndiyo maji ya mwaka. Kuanzia mwezi wa sita wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho, unga wa manjano wa kuzuia ukungu usiue maua, na upepo wa kule juu hauulizi unga ni wa nani. Unatua kwenye mabati, unapenya kwenye nyufa za mfuniko. Salfa haipendi maji, inaelea. Ukifunua kisima mwezi wa tisa unakuta utando wa manjano umetanda juu, pamoja na moshi wa jikoni, vumbi, na mafuta ya sijui nini. Nilimweleza msimamizi wangu. Akafurahi kama mtu aliyeahidiwa pilau, akanipa ruhusa ya wiki tatu.

Kuuchukua uso wa maji si kazi ya kikombe. Unazamisha kipande cha kioo kikiwa wima, unakivuta polepole, utando unanata pande zote mbili, kisha unaukwangua kwa ubapa wa mpira ili uingie kwenye chupa. Mzamo mmoja unakupa kijiko cha chai. Kujaza chupa ndogo unazamisha mara hamsini, na mgongo unakukumbusha kila mara.

Nilifika Newala na kioo changu nimekizungushia blanketi, nikakuta nimeshateuliwa kuwa hakimu.

Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, kwenye nyumba waliyoijenga pamoja. Bwana afya mmoja alikuwa amepita mtaani, akaona manjano kisimani, akasema visima vya namna ile heri vimwagwe vioshwe. Kumwaga kisima mwezi wa nane, na mvua ni Desemba! Kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi na bomba ndani ya nyumba linalotoa maji siku linapojisikia, alilidaka neno hilo. Kama maji ni mabaya, alisema, Mama ahamie kwake. Mama hataki kuhamia Masasi. Kwake yeye Masasi ni mahali pa kubadilishia basi. Wakavutana wiki kadhaa, mpaka Mama akakata shauri mbele ya majirani: "Mwanangu daktari wa maji anakuja. Akisema maji ni mabaya, nahama kesho yake. Akisema ni mazima, usinisumbue tena mpaka nife." Kaka akakubali, majirani wakasikia.

Niseme pia kwamba tangu nipate kile cheti, majirani wameacha kumwita Mama kwa jina la kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Wanamwita Mama Daktari. Kaka hajawahi kulisemea hilo, na hajawahi kulisahau.

"Mama, mimi si daktari wa maji," nilimwambia siku ile ile niliyofika, kabla hata sijavua viatu.

"Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa uso wa maji."

"Sasa mtu akiujua uso wangu, atasema hanijui mimi?"

Nikafanya wanavyofanya wasomi wote wakibanwa: nikaomba muda. Nikasema kwanza nahitaji maji ya visima vingine ya kulinganishia. Hilo lilikuwa kweli kitaalamu, na lilinitoa nyumbani.

Nikaanzia Chiungutwa kwa shangazi, dada wa baba. Nilikwenda na bodaboda, kioo mgongoni, na njia nzima dereva alinisimulia habari za mjomba wake ambaye naye ni fundi madirisha. Shangazi alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanishika mashavu, akasema nimekonda, kwani huko hakuna chakula? Nikamweleza shida yangu.

"Shangazi, naomba maji ya kisimani kwako. Ya juu."

Tabasamu likakatika. "Ya juu?"

"Yale ya juu kabisa. Yenye manjano."

"Nani kakwambia mimi nawapa watu maji ya juu?"

"Hakuna aliyeniambia. Nayataka mwenyewe."

"Ni yule wifi yangu. Alikuja hapa kwenye msiba, siku moja tu akakuta ndoo haijaenguliwa, watu wamenijaa hapa, sijui niende wapi. Mpaka leo hajafunga mdomo!"

Hapa ndipo nilipokumbuka jambo nililokua nalo na kwa upumbavu wangu nikasahau kulitia kwenye mipango. Kwetu ukifungua kisima huchoti tu. Kwanza unaengua: unasukuma uso wa maji kwa kitako cha ndoo, unauchota utando pembeni, unautia kwenye chombo chake. Kisha ndipo unatumbukiza ndoo chini na kuvuta maji ya mgeni. Mgeni anakunywa ya chini. Kumpa mgeni maji ya juu ni kumwambia aondoke, na sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo hata kwa aliyempeleka mahakamani. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka nchi nyingine kuja kuomba, nyumba kwa nyumba, nitukanwe.

Nilimwapia shangazi kwamba wifi yake hahusiki. Alinisikiliza kwa huruma. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda kisimani, akaengua. Aliengua kwa hasira na kwa upendo, mara tatu, akazungusha ndoo pande zote. Nilipomaliza kufungua blanketi langu, maji yalikuwa yanang'aa na uso wake hauna kitu. Nikarudi Newala na chupa ya maji ya chini, yaliyochemshwa, na furushi la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Kule Mnyambe nilijitia ujanja. Kwa rafiki yake Mama sikutaja ya juu wala ya chini. Nilisema nataka kuangalia kisima tu. Lakini habari ilikuwa imenitangulia kwamba mtaalamu anakuja, na mtaalamu ni mgeni, tena mgeni wa macho makali. Kisima kilikuwa kimeenguliwa mara mbili tangu asubuhi na mfuniko umefagiliwa. Nilizamisha kioo hivyo hivyo, mara arobaini, kwa sababu nilikuwa nimeshakuja nacho. Wanawake walikusanyika kunitazama nikiosha kioo safi kwenye maji safi. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama Ulaya madirisha yote yanaoshwa kisimani au ni ya wakubwa tu.

Jumamosi kaka akaja kutoka Masasi. Alikuwa na kifurushi kidogo, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya Mama.

"Nimekuletea kifaa," alisema. "Usije ukasema hukuwa nacho."

Kilikuwa kitochi cha leza, kile cha kijani kinachouzwa sokoni pamoja na makufuli na chaja za simu. Nilimweleza kwamba leza yetu inajaza chumba, kwamba meza yake peke yake ina uzito wa gari, kwamba vioo vya kuuongoza mwanga wake vinafika mia.

"Hiki hakitoi mwanga?"

"Kinatoa."

"Si leza?"

"Ni leza, kaka, lakini..."

"Basi."

Majirani walikuwa wameshafika. Balozi wa nyumba kumi alikuja kama shahidi, amevaa koti. Tulipofunua kisima, mmoja akasema mwanga wa namna ile hauonekani mchana, na wote wakaona kweli. Zikatolewa rai. Wakaleta turubai la kuanikia korosho, wakalitandaza juu ya kisima, na chini yake tukaingia watu watano: mimi, Mama, kaka, balozi na jirani mmoja ambaye hakualikwa. Ilikuwa saa saba mchana. Turubai lilinuka mafuta ya korosho za mwaka jana, joto lilikuwa la tanuri, na mimi, ambaye kazini navaa glavu mbili na kofia ya nywele, nikajisikia nikipiga kelele, "Msiiname! Jasho lisidondoke!" Balozi akajifuta uso kwa koti lake kwa heshima na kurudi nyuma hatua moja, akamkanyaga jirani.

Nikawasha. Nukta ya kijani ikatua juu ya maji, ikaruka, ikatokea kwenye turubai juu ya vichwa vyetu, inacheza.

"Imerudi!" balozi akasema.

"Ndiyo, ni mwanga umeakisiwa," nikaanza.

"Imerudi!" akawapigia kelele walioko nje. Huko nje wakapiga vigelegele.

Nikainama kutazama. Hapakuwa na manjano hata chembe. Mama alikuwa ameengua alfajiri, nilijua bila kumwuliza, kwa sababu balozi alikuwa anakuja. Nilikuwa nimetoka mbali kote kule, na sasa nilikuwa nimesimama chini ya turubai nikipima kwa kitu cha kuchezea watoto uso wa maji ambao haupo.

"Sema basi," kaka akasema.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Sikuwahi kushikwa naye namna ile, hata siku ya kumzika baba. Nikaona nyumba, kisima, makaburi ya kwetu nyuma ya mikorosho, na yeye amekaa kwenye sebule ya Masasi akingojea bomba lijisikie.

"Maji ni mazima," nikasema.

Turubai likafunuliwa. Balozi akarudia kwa sauti, watu wakanipongeza, kaka akanipa mkono. Alikula, akacheka na watu, akaondoka na basi la alasiri. Nilijiona mwongo, na nilijiona nimefanya vema, na vyote viwili vilikaa tumboni pamoja na wali.

Siku mbili baadaye niliingia jikoni kutafuta kisu. Mama alikuwa amesimama karibu na ndoo ya bluu iliyoko nyuma ya mlango, ile ya kutilia maji yaliyoenguliwa. Ilikuwepo tangu utoto wangu, ile au mama yake. Alitumbukiza kikombe, akapuliza manjano yakakimbilia pembeni, akanywa.

"Mama, hayo si ya juu?"

"Ndiyo ya juu."

"Nilidhani ni ya kuku."

"Kuku wa nani anamaliza ndoo ya maji kila siku?" Akanywa tena. "Newala hii, nani anamwaga maji?"

"Unayanywa tangu lini?"

Alifikiri kidogo, si kwamba anaficha, anatafuta tu mwaka. "Tangu niolewe. Baba yenu alikunywa ya chini, nyie mkanywa ya chini, wageni ndiyo kabisa. Ya juu lazima yawe na mtu wake."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, kisha baba aliyelala zake kaburini, kisha ndoo. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ardhi miaka yote ile nikiumulika uso wa maji kwa mashine ya watu, na uso wa maji wenyewe ulikuwa unapita kooni kwa mama yangu, kikombe kwa kikombe, ili mimi ninywe ya chini nikue nipate akili. Nililia. Mama akashangaa, akaniambia nikae, labda ni joto.

"Mama, juzi nilidanganya," nikasema. "Sijui kama maji ni mazima. Kile kitochi hakipimi kitu chochote."

Akasuuza kikombe kwa tone la maji, na lile tone akalirudisha ndooni. "Umeshasema mbele za watu. Usirudie maneno hayo, wala usije ukamwambia kaka yako."

Nikampigia kaka hapo hapo, nikiwa nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote, uongo na ndoo.

"Mimi nilitaka aje kwangu," akasema. "Wewe ukasema abaki, watu wakapiga vigelegele. Siwezi kwenda kumtoa sasa. Akiugua, uliyesema ni wewe."

Nikanunua chujio la maji, lile la ndoo mbili zilizopandana, la bei mbaya kuliko yote niliyoyaona dukani. Mama alilifurahia sana. Kesho yake lilikuwa limewekwa sebuleni juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na kando yake glasi mbili. La wageni. Akaniwekea maji humo, nikanywa, yalikuwa matamu.

Ikabaki leza ya kazini. Kwa mara ya kwanza nilikishika kile kioo bila kufikiria makala wala msimamizi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kuna nini juu ya maji ya Mama. Nikampiga marufuku kuengua kwa siku nne. Alitii kwa mateso, kama mtu aliyekatazwa kufagia, na kila mgeni akipiga hodi alitoka mbio kumpa maji ya chujio kabla hajakaribia kisima. Jumatano ya wiki iliyofuata nikapiga magoti. Utando ulikuwepo, wa manjano, mzito, mzuri sana. Nikazamisha mara hamsini, nikajaza chupa ya kwanza. Hamsini nyingine, ya pili. Ya tatu niliimaliza mgongo umegoma kunyooka. Nikazifunga, nikaandika majina, nikazifungia kwenye masweta.

Mama alikuwa amesimama pale muda wote.

"Hayo ndiyo utakayowaonyesha wenzako?"

"Hayo hayo."

"Ni watu wazima?"

"Ni maprofesa, Mama."

Akayageukia yale masweta. Nikadhani ameelewa. Nikaenda kuoga, maana basi langu lilikuwa la asubuhi iliyofuata.

Kule kazini nilifungua chupa ya kwanza nikakuta maji meupe. Nikajiambia salfa imenata kwenye ukuta wa chupa, hutokea. Nikayatia kwenye chombo, nikawasha. Mwale wa tatu ulitoka kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Juu ya maji yale kulikuwa na kitu. Molekuli ndefu, zimejipanga wima bega kwa bega, vichwa majini, mikia hewani, zimefunika kila mahali. Salfa haifanyi hivyo. Moshi haufanyi hivyo. Nikapima chupa ya pili, ya tatu, zote sawa. Msimamizi wangu aliteremka ngazi, jambo ambalo hafanyi, akatazama mchoro na kuita wengine. Kwa wiki mbili tuliuita utando wa Newala. Walijadili jinsi ua la mkorosho linavyoweza kutoa mafuta yenye nidhamu namna ile. Walinipongeza. Mimi nilikuwa sipati usingizi, kwa sababu kitu chenye nidhamu namna ile mama yangu alikuwa anakinywa kila siku.

Nikampigia.

"Mama, keti kwanza. Kuna kitu kwenye maji. Kimetanda juu, sijawahi kuona cha namna hiyo."

"Kwenye chupa zile?"

"Zile zile."

"Haiwezekani. Zile nilizisafisha mwenyewe."

"Ulizisafisha?"

"Ulipokuwa unaoga. Ningekuachaje upeleke uchafu ule kwa maprofesa, mwanangu? Waseme ndiyo maji tuliyokulea nayo? Nilizimimina, nikaziosha kwa sabuni ya kufulia, nikatia ya chini, ya kuchemsha. Tena nilizisugua sana, manjano yale yana ubishi."

Kwa hiyo utando wa Newala ulikuwa sabuni. Kilichomulikwa kwa vipande vile vya sekunde, na kujadiliwa kwa wiki mbili na watu wenye vyeti vingi, ni adabu ya mama yangu.

"Na yale niliyoyakusanya?" nikauliza. "Uliyamwaga wapi?"

"Nani anamwaga? Niliyatia ndooni."

Sikuwaeleza kazini kwa siku tatu. Nilipowaeleza walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka nao, na msimamizi wangu akasema labda tujaribu tena mwakani. Nikamwomba kaka achukue maji kisimani ayapeleke kwenye maabara ya kawaida ya kupima maji, mahali ambapo kwa kweli ningeanzia kama nisingekuwa na elimu nyingi. Alipeleka. Majibu yalikuja safi, hakuna cha kutilia shaka. Nikamwuliza aliyeyachota ni nani.

"Mama," akasema, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama aliengua kwanza.

Nampigia kila Jumapili. Namwuliza kama tumbo linamwuma, kama anapata usingizi, kama amejitazama macho kwenye kioo, na siku hizi huchoka na maswali yangu. Namsikia akipiga funda. Yuko salama, anasema, na maji hayana neno lolote. Niache wasiwasi, daktari mwenyewe alishapima.